Mpasuko wa Tupu ya Nyuma na Vidonge Vitamu vya Homeopathi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya parokia)



Wapendwa wanakikundi, mada hii haikuwa katika ratiba tuliyowapelekea. Ratiba ilisema tutazungumza juu ya utunzaji wa daftari za mweka hazina. Lakini miezi hii michache tumeulizwa swali moja na vikundi vitatu tofauti, na kila mara limeulizwa kwa kunong'ona, mkutano ukiisha, watu wakitoka. Swali ni hili: kuna mwanachama anayeumwa sana anapokwenda haja kubwa. Ameambiwa kuna vidonge vidogo vitamu, vinaitwa homeopathi, vinaponya bila kisu. Anaomba pesa za dharura za kikundi akavinunue. Je, tumpe?

Tumeona heri tulijibu mbele ya wote, akina mama na wazee pamoja. Wanaotaka kucheka wacheke sasa, halafu tuendelee.

Mwajua, ugonjwa wa mguu mtu huuonyesha hata kwa makanga wa matatu. Huu wa nyuma hata mume hamwambii mkewe. Lakini Kanisa halikuuonea haya. Yupo mtakatifu mwombezi wa wenye bawasiri, Mtakatifu Fiacre, mmonaki kutoka Ireland aliyeishi Ufaransa katika karne ya 7, karibu na mji wa Meaux. Wakulima wa bustani humwomba kwa sababu alilima mboga na mitishamba. Wenye maradhi ya nyuma nao humwomba, na zamani kule Ufaransa ugonjwa huo uliitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kama wazee wetu wa imani waliweza kuutaja ugonjwa huu katika sala, sisi twaweza kuutaja katika semina.

Kwanza tutofautishe mambo. Watu wetu kila kinachouma huko nyuma hukiita bawasiri. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Mara nyingi hutoa damu bila maumivu makubwa, isipokuwa damu ikiganda ndani ya kile kivimbe. Jipu nalo huuma mchana na usiku, uende msalani usiende, na mara nyingi huja na homa. Mpasuko ni kitu kingine. Ni ile ngozi laini ya mlangoni iliyochanika, ufa mdogo tu, kwa kawaida upande wa nyuma unaoelekea uti wa mgongo. Mwenye mpasuko utamjua kwa maneno yake. Atasema ni kama kupitisha vipande vya chupa. Maumivu huanza choo kinapopita, na huweza kuendelea dakika nyingi au hata saa kadhaa baadaye. Damu huwa kidogo, nyekundu mbichi, juu ya karatasi.

Unaletwa na nini? Mara nyingi na choo kigumu. Pia kuhara kwa muda mrefu, na kwa akina mama, kuzaa.

Kisha huja shida ya pili, na hapa ndipo wengi hawaelewi kwa nini ufa mdogo hivyo unakataa kupona. Chini ya ile ngozi kuna msuli wa mviringo unaofunga mlango. Huo hatuuamrishi, hujifunga wenyewe. Ngozi ikichanika, msuli hukakamaa kwa uchungu. Ukikakamaa, unabana mishipa inayoleta damu pale palipochanika, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakifungi. Mgonjwa naye akikumbuka maumivu ya jana, leo anajizuia. Choo kinakaa ndani, kinakauka, kinazidi ugumu, na kikitoka kinapasua palepale. Basi ni mzunguko, na si ule wa meri-go-raundi unaomletea mtu pesa.

Mama mmoja wa kikundi cha kuku, mwenye mtoto wa miezi mitatu, alifika mahali pa kuacha kula. Alikunywa chai na kipande cha mkate ili asiwe na cha kutoa. Maziwa yakapungua. Mama mkwe akaona mtoto analia usiku, akaanza kumpa uji kabla ya wakati. Mama huyu alikuwa ametumia pesa zake za meri-go-raundi kwa vidonge vya homeopathi muda wa miezi miwili. Hatumlaumu. Zahanati iko kilomita mbili kutoka kwake, lakini muuguzi wa pale ni binti wa jirani. Aliona afadhali aumwe.

Sasa hivyo vidonge ni nini? Tuvieleze kwa haki, maana wengi wanaoviuza wanaviamini wao wenyewe.

Mwaka 1790 daktari mmoja Mjerumani, Samuel Hahnemann, akiwa mzima wa afya, alikunywa maganda ya mti wa kwinini aone yatamfanya nini. Akajisikia kama ana homa ya vipindi, yaani malaria. Akafikiri hivi: dawa inayomletea mtu mzima dalili fulani ndiyo inayomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Mwaka 1796 akaliandika wazo hilo, na ndio mwanzo wa homeopathi. Sisi tuliomeza kwinini tangu utotoni twaweza kumjibu. Kwinini huua vijidudu vya malaria vilivyo katika damu. Haihitaji kufanana na malaria ndipo ifanye kazi.

Lakini tusimcheke mno. Wakati wake madaktari walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa mabakuli na kuwanywesha zebaki. Mgonjwa aliyepewa kidonge kisicho na kitu na kuachwa apumzike alikuwa na bahati kuliko mwenzake.

Jambo la pili alilofundisha Hahnemann ndilo linalotuhusu mifukoni. Alisema dawa ikizidi kuzimuliwa na kutikiswa, nguvu zake huongezeka. Kwenye vichupa vingi utaona imeandikwa 30C. Maana yake ni hii. Chukua tone moja la dawa, utie katika matone 99 ya maji au spiriti, utikise. Hiyo ni mara ya kwanza. Chukua tone moja la mchanganyiko huo, utie tena katika matone 99. Mara ya pili. Fanya hivyo mara 30.

Hebu tupige hesabu kama tunavyopiga za kikundi. Mara ya tatu umefika tone moja katika matone milioni moja, yaani lita 50 hivi, mitungi miwili na nusu ya maji. Bado yaeleweka. Mara ya sita ni tone moja katika lita milioni 50, hilo ni bwawa zima. Mara ya 13 ni chini ya tone moja katika bahari zote za dunia zikichanganywa pamoja. Na bado hujamaliza, umebakiza mara 17! Maji hayo ndiyo yanayonyunyiziwa juu ya vipunje vya sukari, kisha yanakauka.

Kwa mwenye mpasuko, wauzaji hupenda kutoa ile inayoitwa Ratanhia, inayotokana na mzizi wa kichaka cha Peru, hasa mgonjwa akisema anahisi vipande vya chupa. Akisema anachomwa na vijiti, watampa Nitricum acidum. Hiyo ni asidi kali ya kuunguza, lakini msiogope, katika 30C hamna asidi ndani. Ratanhia nayo hamna. Kilichomo ni sukari.

Huenda mtu akasema haya ni maneno ya watu wa vitabu. Basi wapo waliopima kwa wagonjwa. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la serikali ya Australia lilitoa ripoti baada ya kuchunguza tafiti zilizohusu magonjwa na hali 61. Halikupata hata ugonjwa mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathi huuponya. Mwaka 2017 huduma ya afya ya serikali kule Uingereza iliwaambia madaktari wake waache kuziandika dawa hizi. Na tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya zisitumiwe kwa Ukimwi, kifua kikuu, malaria na watoto wanaohara. Hilo la mwisho ndilo kubwa kwetu, maana anayeuza vidonge vya mpasuko kesho huuza na vya malaria.

Hapa mzee mmoja alisimama akatuuliza: "Mwalimu, lakini mke wa ndugu yangu alipona kwa vidonge hivyo. Mwasema hakupona?"

Alipona, mzee. Mpasuko mpya mara nyingi hupona wenyewe katika wiki kadhaa choo kikiwa laini. Na tulipouliza zaidi, tulisikia kwamba yule aliyemuuzia alikaa naye karibu saa nzima. Alimuuliza anakula nini, analala vipi, ana huzuni gani. Akamwambia anywe maji mengi, ale mboga, aache pilipili, asijizuie. Halafu akampa vidonge. Ushauri ule ulikuwa dawa, na kusikilizwa kulimpa nguvu ya kuufuata. Vidonge vilipanda gari lililokuwa likienda. Na tuseme ukweli mwingine hata kama utawaudhi wenzetu wa afya: katika vituo vyetu mama huyo angepewa dakika mbili, mlango ukiwa wazi, na foleni ikisikiliza. Hapo homeopathi inatushinda, na inatushinda kwa haki.

Mwingine akatukumbusha kwamba hata mapadre waliitumia. Ni kweli. Padre Augustus Müller, Mjesuiti kutoka Ujerumani, alianzisha zahanati ya homeopathi ya maskini huko Kankanady, Mangalore, India, mwaka 1880. Baadaye aliwahudumia pia wenye ukoma. Alikuwa mtu wa huruma kubwa. Lakini twamheshimu kwa huruma yake, hatulazimiki kumeza vidonge vyake. Hata pale Mangalore leo pana hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji.

Haya, kinachoponya ni nini?

La kwanza ni kukifanya choo kiwe laini, na hilo laanzia jikoni. Ugali wa unga mweupe uliokobolewa, chai ya rangi na mkate, hivyo ndivyo vinavyokausha tumbo. Rudieni unga wa mahindi usiokobolewa, ule unaosagwa wote kwenye posho mill. Githeri na maharage, ndengu, viazi vitamu na maganda yake yaliyooshwa, sukuma wiki, managu, terere, papai, parachichi. Ongezeni polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi na mtatulaumu. Na chakula hiki bila maji ni bure. Mtu mzima anywe kama bilauri nane kwa siku, na mama anyonyeshaye zaidi. Twajua mahali ambapo maji yanachotwa mbali mama hunywa wa mwisho, watoto na ng'ombe wakishapata. Huyo ndiye tunayemwambia.

La pili ni karai la maji ya uvuguvugu. Kaa ndani yake dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa baada ya kutoka msalani. Joto linaulegeza ule msuli tuliousema, damu inapita, kidonda kinapata nafuu. Maji yawe ya kuvumilika kwa kiwiko cha mkono, kama ya kumwogesha mtoto. Hakuna haja ya kutia kitu. Tumesikia wanaotia dawa ya kuoshea vyoo! Na wengine hupaka ugoro au majani ya kuwasha moja kwa moja kwenye kidonda. Acheni kabisa. Ukitaka kupaka kitu kabla ya kwenda haja, paka mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na manukato, kidogo tu. Na karai hilo liwe la mgonjwa peke yake, lisirudi jikoni.

La tatu, ukisikia haja nenda. Usikae ukisukuma kwa nguvu. Dawa ya maumivu iwe parasetamoli. Zile zenye kodeini hufunga tumbo, zitakurudisha ulikotoka.

Akina mama wajawazito wametuuliza juu ya tembe za kuongeza damu. Ni kweli madini ya chuma huweza kufunga tumbo, na choo huwa cheusi. Msiziache. Mwambieni muuguzi wa kliniki, ataona kama mpewe kwa namna nyingine au mpewe dawa ya kulainisha. Damu ya kutosha wakati wa kujifungua si jambo la kuchezea.

Wengi wakifanya haya kwa uaminifu watapata nafuu katika wiki chache. Zikipita wiki sita hadi nane bila kupona, mpasuko umekuwa sugu na karai peke yake huenda lisitoshe. Hapo kuna dawa za dukani zinazotambulika. Kuna dawa ya maji ya kulainisha choo iitwayo laktulosi. Kuna marhamu ya nitrogliserini, inayolegeza msuli. Huwapa wengine maumivu ya kichwa. Kuna ya diltiazemu ambayo hufanya kazi hiyohiyo na kichwa hakiumi sana. Mama mjamzito au anyonyeshaye asijinunulie, aandikiwe. Hizi zikishindwa, daktari wa upasuaji hukata sehemu ndogo ya ule msuli ili ulegee. Operesheni hiyo huponya zaidi ya watu 9 katika kila 10. Ina hatari yake: wachache hubaki wakishindwa kuzuia hewa au choo vizuri, kwa hiyo daktari aulizwe kabla, na kwa mama aliyezaa mara nyingi aulizwe mara mbili.

Yule mama wa kuku alikubali kwenda kituo cha afya cha mbali kidogo, ambako hajulikani. Mwenzake mmoja wa kikundi alimsindikiza na kumshikia mtoto. Alirudi na laktulosi na maagizo ya karai. Ilimchukua wiki tano hivi. Alianza kula kabla hajapona, na tulifurahia hilo kuliko yote.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tusiiache mada hii ipite. Si kila damu ni mpasuko wala bawasiri. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na haichagui wazee tu. Mzee mmoja tuliyemfahamu alimeza vidonge vya homeopathi karibu mwaka mzima, akiambiwa ni bawasiri. Damu yake ilikuwa imechanganyika na choo, suruali zilikuwa zimeanza kumpwaya, na hakuna aliyemwingiza kidole kumpima. Alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeenea hadi kwenye ini. Vidonge havikumdhuru hata kidogo. Ni ule mwaka uliomdhuru.

Kwa hiyo damu iliyo nyeusi au iliyochanganyika ndani ya choo, kukonda bila sababu, tumbo lililobadili desturi yake kwa wiki nyingi, uvimbe unaoshikika, homa na usaha, au ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo: yeyote mwenye mojawapo ya hayo asingoje karai. Aende apimwe. Na mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea anayetoa damu kwa mara ya kwanza, aende hata kama hana dalili nyingine. Kupimwa huko huanzia kwa kidole chenye glavu, na hiyo ni dakika moja. Twawaomba wazee wasilifanye jambo la heshima likawa jambo la kaburi.

Kuhusu watoto. Wengi wanaopasuka ni wale wanaojizuia shuleni kutwa nzima kwa sababu choo cha shule ni kichafu au mlango hauna komeo. Vikundi vyenye wazazi katika kamati za shule vianzie hapo. Lakini mtoto akiwa na majeraha huko nyuma na choo chake si kigumu, au akiogopa mtu fulani, msitafute dawa ya kupaka. Apelekwe hospitali upesi, aulizwe kwa upole na faraghani, na habari ifike kwa afisa wa watoto. Tusinyamaze kwa ajili ya jina la familia, wala la mtu yeyote mwenye cheo.

Basi tujibu swali la pesa. Ushauri wetu ni kwamba mfuko wa dharura usinunue vidonge vya homeopathi. Mtu akitaka kuvinunua kwa pesa zake, ni zake. Mwambieni tu asiache karai, mboga na kupimwa. Mfuko utoe nauli ya kwenda kituo cha afya na ya msindikizaji, na dawa zilizoandikwa zikikosekana kituoni. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Aliyejiandikisha hatozwi kwa matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya serikali vilivyo katika mpango huo, lakini operesheni hospitalini yahitaji awe amelipa mchango. Vikundi viwili tayari vimeanza kuwakopesha wanachama mchango huo, nao wanaurudisha kidogokidogo baada ya mavuno. Wale wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi mwaka 2023 wanaweza kuwasaidia kujiandikisha.

Na kwa kuwa tuliahidi kuzungumzia daftari, hili ni la makatibu na waweka hazina. Mwanachama akikopa kwa ajili ya ugonjwa, mwandike tarehe, jina, kiasi, na neno "matibabu". Basi. Asiulizwe kikaoni ni matibabu ya wapi.